SAT au ACT? Chagua kwa kuangalia vyuo vinavyopima kila sehemu ya alama

Kijana wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) anayetaka kusomea uhandisi Marekani huulizwa swali moja na kila ndugu: "Umepata ngapi?" Akisema 1380 ya SAT, mmoja wa mitihani miwili ya udahili wa vyuo vya Marekani (mwingine ni ACT), wengine hupiga makofi, wengine hukunja uso, mazungumzo yakaisha. Ofisi ya udahili haiishii hapo. Inataka kujua hiyo 1380 imetoka wapi. Hisabati 780 na Kusoma na Kuandika 600? Au Hisabati 640 na Kusoma na Kuandika 740? Jumla ni ileile, lakini kwa mtu anayesoma faili la mwombaji wa uhandisi hao ni waombaji wawili tofauti kabisa.

Huku kwetu tumezoea mambo yaliyoandikwa. Tanzania kuna mwongozo wa TCU unaokuambia kozi fulani inataka masomo gani na ufaulu gani. Kenya, KUCCPS ina makundi ya masomo na pointi zake. Marekani hakuna mwongozo mmoja wa taifa. Kila chuo kina lake, na vingi havisemi waziwazi kwamba sehemu hii ina uzito kuliko ile. Ndiyo maana kuchagua kati ya SAT na ACT kwa kufuata uvumi wa "huu ni rahisi" ni kujipunja. Vyuo vyote vinavyopokea alama hupokea mitihani yote miwili bila upendeleo. Tofauti iko katika namna kila mtihani unavyozipa uzito sehemu zako, na namna chuo unachokitaka kinavyozisoma.

Vigezo nitakavyotumia

Kwanza, uzito wa kila sehemu ndani ya jumla. Pili, muda na aina ya maswali, kwa sababu mtu anayejua jibu ila hana muda wa kuliandika ni sawa na asiyejua. Tatu, namna vyuo vinavyozisoma sehemu hizo, pamoja na ruhusa ya kuchanganya alama za tarehe tofauti. Nne, urahisi wa kuufanya mtihani ukiwa Afrika Mashariki. Mwishoni naongeza njia ya tatu ambayo wengi huisahau: kutopeleka alama kabisa, au kupeleka za mtihani mwingine.

Kabla ya kuingia kwenye mitihani, inabidi tuvitazame vyuo vyenyewe, maana hapo ndipo penye mambo.

Vyuo havisomi alama kwa jicho moja

Kuna vyuo ambavyo Hisabati ndiyo lango. Mfano ulio wazi ni MIT. Machi 2022 chuo hicho kilirudisha sharti la SAT au ACT baada ya kulisimamisha wakati wa korona, na mkuu wake wa udahili, Stu Schmill, akaeleza sababu hadharani: alama za mitihani hii, hasa za hisabati, zinawasaidia kubashiri nani ataweza masomo ya pale. Na inaeleweka. MIT kila mwanafunzi, hata anayesomea uchumi au muziki, lazima apite kalkulasi mihula miwili na fizikia mihula miwili. Nusu ya kati ya wanaodahiliwa pale, yaani ukiacha robo ya chini na robo ya juu, huwa na Hisabati kati ya 780 na 800. Ukiwa na 700, alama ambayo sehemu nyingi ingekuwa ya kujivunia, pale unaanzia nyuma. Kwenye Kusoma na Kuandika nafasi ya kupumua ni kubwa kidogo.

Kuna vyuo vya elimu pana, vile vidogo ambako mwanafunzi hachagui fani siku ya kwanza. Hivi husoma sehemu zote mbili pamoja na insha na ripoti ya shule. Alama ya lugha iliyo chini sana huwatia wasiwasi, kwa kuwa mwaka wa kwanza ni kusoma na kuandika mfululizo. Kwa mwombaji ambaye Kiingereza si lugha yake ya nyumbani, sehemu ya Kusoma na Kuandika hufanya kazi ya ziada: inathibitisha kile kinachosemwa na TOEFL au IELTS, mitihani ya kupima Kiingereza. Vipo hata vyuo vinavyokusamehe TOEFL ukifikisha alama fulani kwenye sehemu hiyo.

Kundi la tatu ni vyuo vinavyogawa ufadhili kwa jumla. University of Alabama ndiyo inayotajwa sana, kwa sababu hutangaza jedwali la ufadhili: alama zako za shule upande mmoja, jumla ya SAT au wastani wa ACT upande mwingine. Kwenye jedwali la namna hiyo hakuna anayeuliza Hisabati ilikuwa ngapi. Unachohitaji ni kuvuka mstari, na mtihani bora kwako ni ule unaokuvusha.

Kundi la nne halisomi alama kabisa. University of California, yenye Berkeley na UCLA, haiangalii SAT wala ACT katika udahili, hata ukizipeleka. California State University nayo iliziacha mwaka 2022. Kama orodha yako yote ni ya California, pesa ya mtihani ipeleke kwingine.

Namna ya kujua chuo chako kiko kundi gani ni kutafuta hati inayoitwa Common Data Set, ambayo vyuo vingi huitoa kila mwaka. Nenda kipengele C9. Utaona alama za kila sehemu peke yake, za robo ya chini na robo ya juu ya waliojiunga, na asilimia ya waliopeleka alama. Kipengele C7 kinasema mitihani inapewa umuhimu gani ikilinganishwa na insha, matokeo ya shule na mengineyo. Dakika kumi kwenye hati hiyo zitakusaidia kuliko wiki nzima ya kusikiliza makundi ya WhatsApp.

SAT

*Uzito wa sehemu.* Sehemu ni mbili tu: Kusoma na Kuandika, na Hisabati. Kila moja ina alama 200 hadi 800, jumla 400 hadi 1600. Maana yake Hisabati ni nusu kamili ya jumla. Hakuna mtihani mwingine wa udahili wa Marekani unaombeba mtu wa hesabu kiasi hiki.

*Muda na maswali.* Mtihani mzima ni saa 2 na dakika 14. Kusoma na Kuandika ni maswali 54 kwa dakika 64. Hisabati ni maswali 44 kwa dakika 70, yaani zaidi ya dakika moja na nusu kwa kila swali. Vifungu vya kusoma ni vifupi, kila kimoja na swali lake moja, kwa hiyo ukikwama kwenye kimoja hakikuharibii vingine. Kikokotoo kinaruhusiwa Hisabati yote, na Desmos, kikokotoo cha kuchora grafu, imo ndani ya programu yenyewe. Kanuni za msingi za jiometri umepewa. Karibu robo ya maswali ya Hisabati hayana majibu ya kuchagua, unaandika mwenyewe.

Kila sehemu ina moduli mbili, yaani vipande viwili vya maswali, na moduli ya pili hupangwa kulingana na ulivyofanya ya kwanza. Ukiboronga ya kwanza unapewa ya pili iliyo nyepesi, na hapo alama ya juu kabisa inakuwa imeshakuponyoka hata ukipata yote yaliyobaki. Wanafunzi wetu wengi huanza taratibu ili "kuchangamka kwanza". Kwenye SAT ya sasa tabia hiyo ni ghali, na ghali zaidi kwa anayelenga 780 ya Hisabati.

*Vyuo vinavyoisoma.* Kwa sababu sehemu ni mbili, hakuna pa kujificha. Msomaji wa faili huziona zote mbili kwa mara moja. Vyuo vingi vinakubali supaskoo: vinachukua Hisabati yako bora ya tarehe moja na Kusoma na Kuandika bora ya tarehe nyingine, vinajumlisha. Kwa SAT faida yake ni kubwa, kwa kuwa unaweza kuutumia mtihani wa pili kuvuta sehemu moja tu.

*Ukiwa Afrika Mashariki.* Nje ya Marekani SAT imekuwa ya kidijitali tangu Machi 2023. Unafanyia kwenye kompyuta mpakato au tableti kupitia programu ya Bluebook, simu haikubaliki. Asiye na kifaa ahangaikie hilo mapema, si wiki ya mtihani. Vituo ni vichache na hujaa, hasa vya Oktoba na Novemba.

*Inamfaa nani.* Aliye imara katika hesabu kuliko lugha. Anayechoshwa na vifungu virefu. Anayeomba uhandisi, kompyuta au uchumi, na angependa jumla yake ibebwe na kile anachokiweza.

ACT

*Uzito wa sehemu.* Hapa pamebadilika karibuni, na ushauri mwingi unaozunguka ni wa zamani. Kwa miaka mingi ACT ilikuwa na sehemu nne, Kiingereza, Hisabati, Kusoma na Sayansi, kila moja alama 1 hadi 36, na matokeo ni wastani wa hizo nne. Mwaka 2025 ulianza kutolewa mtihani mpya ambao Sayansi ni hiari, na wastani unatokana na sehemu tatu: Kiingereza, Hisabati, Kusoma. Sasa piga hesabu. Zamani Hisabati ilikuwa robo ya alama; sasa ni theluthi. Lugha, yaani Kiingereza na Kusoma kwa pamoja, ilikuwa nusu. Sasa ni theluthi mbili.

*Muda na maswali.* Kiingereza maswali 50 kwa dakika 35. Hisabati 45 kwa dakika 50. Kusoma 36 kwa dakika 40. Sayansi, ukiichukua, 40 kwa dakika 40. Mtihani mpya umeongeza muda wa swali kuliko ule wa zamani, lakini bado kasi ni kubwa kuliko ya SAT: Kiingereza una sekunde 42 kwa swali. Vifungu vya Kusoma ni virefu na maswali kadhaa hutegemea kifungu kimoja. Hisabati haikupi kanuni yoyote. Uje nazo kichwani. Aliyepitia hesabu ya kidato cha tano na cha sita hatashangazwa na logarithimu au trigonometria yake. Mtihani haujirekebishi kwa kukufuata, kwa hiyo kosa la mwanzo na kosa la mwisho yana bei moja.

Neno moja kuhusu Sayansi, kwa sababu watu wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) hudhani imeandikwa kwa ajili yao. Haikuulizi mzunguko wa Krebs wa baiolojia wala sheria za Newton kwa kiasi unachofikiri. Inakupa grafu, majedwali na majaribio, inataka uyasome haraka. Wengine waliofaulu baiolojia vizuri shuleni huiona ngumu, na mtoto wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati) aliyezoea majedwali huipita bila jasho.

*Vyuo vinavyoisoma.* Wastani huficha mambo, lakini ripoti inaonyesha kila sehemu, na ofisi ya uhandisi itaitafuta Hisabati. Ukifanya Sayansi unapata pia alama ya pamoja ya Hisabati na Sayansi. Vyuo vingi havidai Sayansi, ila baadhi huitaka au huipendekeza, kwa hiyo soma ukurasa wa chuo chenyewe kabla hujajisajili. Supaskoo ipo pia, ingawa chuo hakichanganyi Hisabati ya SAT na Kiingereza cha ACT; kila mtihani unabaki na ndugu zake.

Lipo swali ambalo vyuo vyenyewe vingepaswa kujiuliza: kwa nini sehemu zote zihesabiwe sawa? Mwaka 2013 watafiti Eric Bettinger, Brent Evans na Devin Pope walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wa vyuo vya umma vya Ohio. Waliona kwamba alama za Kiingereza na Hisabati ndizo zilizobashiri vizuri nani atafanya vyema na nani ataacha chuo. Kusoma na Sayansi ziliongeza kidogo sana. Wenye ACT wameitoa Sayansi kwenye wastani, lakini Kusoma bado kumebaki na theluthi yake. Binafsi naona ukichagua ACT, jasho lako la kwanza liende kwenye Kiingereza: ni kanuni za sarufi na alama za uandishi, zinafundishika kwa miezi michache, tofauti na kasi ya kusoma ambayo hujengwa kwa miaka.

*Ukiwa Afrika Mashariki.* Vituo ni vichache kuliko vya SAT na ada yake nje ya Marekani ni kubwa zaidi. Kwa kawaida unafanyia kwenye kompyuta ya kituo, jambo linalomsaidia asiye na mashine yake.

*Inamfaa nani.* Msomaji wa haraka. Mtu wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) au HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) ambaye Kiingereza chake ni kizuri na hesabu yake ni ya kutosha tu. Pia anayepata taabu na mtihani unaobadilika katikati.

Tuone kwa tarakimu

Chukua yule wa kwanza, Hisabati 780 na Kusoma na Kuandika 600: 1380. Tuseme kwenye ACT apate Hisabati 35, Kiingereza 24, Kusoma 25. Jumla 84, gawa kwa tatu: 28. Jedwali la kulinganisha mitihani hii, lililotolewa mwaka 2018 na wenye mitihani yote miwili, linaweka 28 ya ACT sawa na 1300 hadi 1320 ya SAT. Kijana yuleyule, uwezo uleule, amepoteza kama alama 60 hadi 80 kwa kuchagua mtihani unaompa Hisabati theluthi badala ya nusu.

Sasa mgeuze. Binti ana Kiingereza 33, Kusoma 33, Hisabati 24. Wastani 30, ambayo jedwali linaiweka kati ya 1360 na 1380. Kwenye SAT tuseme apate Kusoma na Kuandika 730 na Hisabati 580. Jumla 1310. Safari hii ACT ndiyo iliyombeba.

Lakini angalia usilewe na wastani. Binti huyu akiomba uhandisi, ile 24 ya Hisabati itasomwa kama ilivyo. Akiomba historia, au ufadhili wa kuvuka mstari, 30 yake inasimama imara. Na yule kijana wa 780 akiomba chuo cha elimu pana ambacho robo ya chini kwenye C9 ina Kusoma na Kuandika 700, jumla nzuri haitaificha 600.

Njia ya tatu: kutopeleka, au kupeleka kingine

Baada ya korona vyuo vingi viliacha uamuzi kwa mwombaji, na vingi bado viko hivyo. Vingine vimerudisha sharti: Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech walitangaza hivyo mwaka 2024. Orodha inabadilika kila mwaka, kwa hiyo hakikisha kwa mwaka wako.

*Uzito wa sehemu* hapa unahamia kwenye matokeo ya shule na insha. Ukikaa kimya kuhusu alama, matokeo yako ya NECTA, KCSE au Cambridge yanabeba mzigo wote. Kwa uhandisi watatazama hesabu ya kidato cha sita kwa makini zaidi.

*Vyuo vinavyoisoma.* Kumbuka kwamba ripoti rasmi ya SAT hupelekwa kwa tarehe, si kwa sehemu. Huwezi kupeleka Hisabati 780 na kuiacha nyumbani Kusoma na Kuandika ya siku hiyo. Vipo pia vyuo kama Georgetown vinavyotaka alama zote ulizowahi kupata. Na pale mtihani ulipo hiari, takwimu za C9 zimepanda kuliko hali halisi, kwa kuwa wenye alama ndogo hawakupeleka.

Baadhi hukubali mitihani mingine. Yale hupokea AP au IB, mitihani ya masomo ya sekondari ya Marekani na ya kimataifa, badala ya SAT. Dartmouth, kwa wanaosoma nje ya Marekani, ilitaja pia A-Level na mitihani ya taifa inayolingana nayo, na hilo ni la kufuatiliwa kwa makini na mhitimu wa kidato cha sita.

*Inamfaa nani.* Mwenye matokeo ya shule yanayong'aa kuliko alama zake za mtihani, au ambaye nauli, ada na kifaa vingemgharimu kuliko faida anayoitarajia.

Kwa hali yako

Uko PCM, hesabu ni yako, Kiingereza kinakusumbua, unaomba uhandisi: anza na SAT. Ukishapata Hisabati unayoitaka, mtihani wa pili uutumie kuvuta Kusoma na Kuandika, kwenye vyuo vinavyokubali supaskoo.

Uko HGL au HKL, unasoma haraka, unaomba sayansi ya jamii au sheria ya baadaye: fanya ACT ya mazoezi nyumbani, kwa saa, na SAT ya mazoezi wiki inayofuata. Zote zinapatikana bure. Weka matokeo kwenye jedwali la 2018, ufuate iliyo juu.

Unatafuta ufadhili wa jedwali: usijali sehemu, jali jumla, na angalia kama jedwali hilo linakubali supaskoo.

Alama zako zimefika nusu ya kati ya chuo katika sehemu inayohusu fani yako lakini sehemu nyingine iko chini ya robo ya chini: kwenye chuo cha teknolojia, peleka. Kwenye chuo cha elimu pana ambapo ni hiari, mimi ningezuia, isipokuwa insha na walimu wako waonyeshe wazi kwamba unaandika vizuri kuliko ile alama inavyosema.

Uko Tanzania na unafanya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei: Agosti na Oktoba ndizo tarehe zako za SAT, na zinatosha kwa maombi ya Novemba au Januari. Uko Kenya na KCSE inakungoja mwisho wa mwaka: maliza SAT ifikapo Agosti, maana Oktoba na Novemba zitakukuta chumba kingine cha mtihani.